Mikono yetu kazini: kwa nini inaumia mara nyingi hivi?



Katika kila dispanseri ya mugodi kuna kitabu kikubwa ambamo tunaandika ajali za kazi. Mukikifungua ukurasa wowote, mutaona maneno yanayorudi kila siku: kidole gumba cha kushoto, kidole cha shahada cha kuume, kiganja, kucha. Macho yanaumia pia, miguu inaumia, mugongo unaumia. Lakini hakuna kiungo kinachorudi katika kitabu kile sawa vile mukono. Na si katika inchi yetu tu. Huko Marekani, ambako kila ajali ya mugodi inapashwa kupelekwa kwa serikali na kuhesabiwa, wameona neno lile lile: vidole na mikono vinaumia kuliko viungo vingine vyote.

Watu wengi, wakisikia «ajali ya mugodi», wanafikiri jiwe linaloanguka chini ya udongo. Ni kweli, jiwe linaua, na juu yake tunazungumza mara kwa mara katika ukurasa huu. Lakini mutu anayepoteza vidole, mara nyingi hakuwa chini ya jiwe. Alikuwa mbele ya mukanda uliokwama, na spana mukononi, karibu na mwisho wa posti, na mwenzake anamuambia: «Fanya upesi tuende.»

Leo ninataka kueleza namna ajali hizi zinavyokuja, maana zinakuja kwa njia zinazojulikana.

Mukono umetengenezwa namna gani

Tujue kwanza kitu tunachochunga. Mukono mumoja uko na mifupa 27. Mikono miwili inafanya 54, na mwili muzima wa mutu mukubwa uko na mifupa 206. Hivi zaidi ya robo ya mifupa yetu yote iko katika mikono. Ni mifupa midogo, na inafunikwa na ngozi tu. Paja liko na nyama nyingi ya kupokea pigo, kidole hakina.

Sasa ufanye hivi. Shika mukono wako wa kuume kati ya kiwiko na kiganja, halafu funga na kufungua vidole. Unasikia nyama inatembea? Nguvu kubwa ya kukunja vidole inatoka pale juu. Kutoka pale kunashuka kamba nyeupe ngumu, zinapita kwenye kifundo, zinapita ndani ya kiganja, zinafika mpaka ncha ya kidole. Wale wanaoshuka kwa lifti ya mugodi watafahamu upesi: motere iko juu, lifti iko chini, na kati yao kuna kable. Motere inaweza kuwa nzima kabisa, lakini kable ikikatika, lifti haipandi. Ndivyo ilivyo kidole ambacho kamba yake imekatika. Na kamba hizo zinapita karibu sana na ngozi. Bati moja lenye makali, kipande kimoja cha chupa, kinatosha.

Pamoja na kamba kuna mishipa ya kusikia. Mushipa ukikatika, kidole kinabaki lakini hakisikii tena moto wala baridi. Mutu wa namna hii anaweza kugusa mbabula yenye makala na asijue mpaka anasikia harufu.

Kwa hiyo tunapokuambia ukunje kidole kimoja kimoja na kutuambia kama unasikia tunapogusa, usikasirike ukisema: «Ni kidonda kidogo, munifunge tu niende.» Tunatafuta kama kable iko.

Mukono unaumia wakati gani?

Hapa ndipo penye jambo. Mutu angeweza kufikiri kwamba mukono unaumia zaidi katika kazi ngumu ya kila siku. Lakini kazi ya kila siku mukono unaijua. Mwaka 2004, wachunguzi wa Marekani walitangaza mambo waliyouliza wafanyakazi zaidi ya 1.000 walioumia mikono: nini kilitokea mbele kidogo ya ajali? Wakalinganisha wakati ule na saa nyingine za kazi ya watu wale wale. Wakaona kwamba chombo au mashini isipotumika sawa desturi yake, hatari ya mukono inaongezeka mara 10 na zaidi. Mutu akifanya kazi kwa namna nyingine kuliko ile aliyoizoea, inaongezeka vilevile karibu mara 10. Kazi isiyo ya kila siku inaongeza hatari, haraka inaiongeza, na akili kuwa pengine inaiongeza.

Mufikiri sasa kazi zetu wenyewe. Konkaseri inasaga muchana kutwa, hakuna anayeumia. Jiwe kubwa linakwama, mutu anapanda na chuma kulisukuma: saa ile ndiyo ya hatari. Mukanda wa konveyeri unabeba mawe tangu asubuhi. Udongo wenye maji unashika juu ya rula, mukanda unaanza kwenda upande, mufanyakazi anainama na pau au na mukono kuondoa udongo wakati mukanda unatembea bado. Anasema moyoni: nitaondoa mukono upesi.

Tuhesabu upesi huo. Mukanda unaokwenda metre 2 kwa segonde si mukanda wa mbio sana. Jicho likiona hatari, kichwa kinapashwa kufahamu, halafu kinatuma habari kwa mukono, na mukono unaanza kutembea. Tuseme yote hiyo ni nusu ya segonde. Katika nusu ya segonde mukanda umekwisha kuvuta metre 1. Metre 1 ni vidole, kifundo, kiwiko na bega. Hakuna mutu mwenye upesi wa kushinda hesabu hii, hata kipa wa timu ya mupira.

Kwa hiyo mashini ikikwama, inasimamishwa kwanza. Neno hili kila mutu analijua na kulikubali. Lakini kusimamisha peke yake hakutoshi, na hapa ninaomba musome polepole.

Mashini iliyosimama inaweza kuanza tena kwa njia mbili. Ya kwanza ni mutu. Wewe uko chini ya mukanda, mwenzako yuko katika chumba cha kuongoza, hakuoni, anabonyeza. Ndiyo maana umeme unakatwa na kufungwa kwa kufuli, ile tunayoita kadena, na ufunguo unakaa katika mufuko wa yule ambaye mikono yake iko ndani ya mashini. Wakiwa watu watatu, kadena ni tatu na funguo ni tatu. Kadena moja ya shefu kwa watu wote ni kadena ya shefu, si yako. Kisha kufunga, jaribu kuanzisha mashini mbele ya kuigusa, maana imekwisha kutokea kwamba watu wamefunga mashini ya jirani.

Njia ya pili ni nguvu iliyobaki ndani. Mukono wa chuma wa mashini ya kubeba mawe ukiwa juu, motere imezimwa, bado uko na uzito wake wote. Mafuta yakitoka, unashuka. Mukanda uliopanda mulima na mawe juu yake unataka kurudi nyuma. Bomba la upepo lililofungwa lingali na upepo. Vago kwenye mahali penye kushuka inangoja tu. Shusha chini kila kitu kinachoweza kuanguka, tia miti au kabari chini ya magurudumu, toa upepo na mafuta yaliyo na nguvu, ndipo uingize mukono.

Najua yale yatakayosemwa: kufunga na kufungua ni nusu saa, na tani zinangojewa. Kapita naye ana hesabu yake ya kujibu asubuhi. Mimi si mutu wa tani, lakini ninaona wagonjwa, na ninasema wazi kwamba haraka inayoleta watu kwetu si haraka ya mufanyakazi peke yake. Shefu anayesema «kadena tutatia mara nyingine» ametia mukono wa mutu mwingine ndani ya mashini. Ile nusu saa ni kazi, ihesabiwe sawa kazi.

Kuna ajali nyingine zisizo na mashini kubwa. Kichwa cha burini kikipigwa muda murefu kinapanuka sawa uyoga. Vipande vyake vinaruka, na nyundo inateleza juu yake. Kinolewe mbele ya kufika pale. Mutu anayemushikia mwenzake burini atumie koleo refu, asishike kwa vidole. Spana iliyo kubwa kuliko kichwa cha buloni, ambayo watu wanajaza nafasi yake kwa kipande cha bati, inatoka mara moja, na ngumi inakwenda kupiga chuma. Vuta spana kuja kwako, usiisukume. Kama hakuna nafasi ya kuvuta, sukuma kwa kiganja kilichofunguka. Wale wa kufunga vago wasitie mukono kati ya vago mbili zinazokaribiana, hata kama zinakwenda polepole, maana polepole ya tani nyingi ni tani nyingi tu.

Glavu

Wachunguzi wale wa 2004 waliona kwamba glavu, ndizo watu wanaita gan, zilipunguza hatari ya kuumia mukono karibu 60 kwa 100. Ni kitu kikubwa kwa kipande cha ngozi. Lakini glavu iko na akili yake. Ngozi ngumu ni ya mawe, ya kable yenye nyuzi zilizokatika, na ya bamba za shaba, zile katode za elektrolizi ambazo kando zake zinakata sawa wembe. Kwa asidi, ngozi na kitambaa havifai: vinakunywa asidi na kuishikamanisha na mukono. Hapo ni kaucho, na iwe nzima, pasipo tundu.

Na kuna mahali ambapo glavu haivaliwi kabisa: mbele ya kitu kinachozunguka, kama mashini ya kutoboa chuma katika atelie, au turu ya fundi. Chuma kinachozunguka kikishika ncha ya glavu hakikati glavu, kinaizungusha, na kidole kiko ndani.

Tunajua pia kwamba glavu nyingi mupya za ngozi zinakwenda shambani kulima muhogo, na mwenyewe anarudi kazini na zile zilizotoboka. Mama, ukiziona nyumbani, umuulize baba amebaki na nini huko.

Pete ya ndoa

Neno hili ni la nyumba nzima. Mutu anaruka kutoka juu ya kamyo; pete inashikwa na ncha ya chuma au kichwa cha buloni; mwili wote unaanguka na uzito wake, lakini kidole kinabaki juu. Pete inavua ngozi yote ya kidole pamoja na mishipa ya damu, sawa vile tunavyovua soksi. Mara nyingi kidole cha namna hii hakiponi, kinakatwa. Hakuna mashini katika ajali hii, wala kosa la mutu mwingine. Ni pete na ngazi.

Ninajua kwamba nyumba zingine zina maneno juu ya pete isiyokuwa kwenye kidole. Mama mumoja aliniuliza wazi kama nimetumwa na wanaume. Hapana, mama. Aivue mbele yako asubuhi, uitie katika kikombe katika kabati, akirudi aivae mbele yako. Saa yenye mukanda wa chuma ni vilevile.

Katundu kadogo

Kama utasahau mengine yote, usisahau haya. Mupira wa kamyo kubwa unajazwa upepo wa bari 8 hivi. Mafuta ya idroliki ya mashini zetu za kubeba na za kutoboa mawe yanafika bari 200 na zaidi, na pompi ya grasi nayo inafika hapo. Bomba likiwa na ufa mwembamba sawa unywele, mafuta yanatoka kama sindano usiyoiona. Mutu anapitisha kidole kutafuta mafuta yanatoka wapi. Anasikia kitu kidogo, kama mwiba. Anaangalia: katundu kadogo, hakuna damu. Anapangusa kwa suruali, anaendelea na kazi.

Lakini mafuta yameingia, na yamekimbia ndani kufuata njia za kamba mpaka kiganjani. Saa za kwanza maumivu ni kidogo. Halafu kidole kinajaa, kinakuwa kigumu na cheupe, nyama inaanza kufa ndani.

Wakati nilipokuwa bado mwanafunzi wa uuguzi, tulipokea baba mumoja wa namna hii. Aliumia asubuhi, alimaliza posti yake, alikula bukari yake na sombe, akalala. Usiku maumivu yakamuamsha. Munganga wa kupasua alifungua mukono mpaka juu ya kifundo, akaosha, akaosha tena kesho yake, lakini kidole cha shahada hakikupona. Alikuwa fundi wa kuchomea chuma. Alisema mara nyingi kwamba hakukuwa na kidonda.

Kwa hiyo tafuta mahali panapotoka mafuta kwa kipande cha katoni au ubao, na ukisha kutoa nguvu ya mafuta. Na kama mafuta au grasi imekutoboa, hata pasipo maumivu, uje saa ile ile, uje na jina la mafuta yaliyoingia, na usile wala kunywa njiani, maana labda utalazwa usingizi na kupasuliwa siku ile. Saa 6 za kwanza ndizo za kuokoa kidole.

Ajali ikitokea

Damu ikitoka, kamata kitambaa safi, weka juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu dakika 10 pasipo kufungua kuangalia, na mukono ukae juu kuliko moyo. Vua pete mara moja, kidole hakijavimba. Usitie tumbako, kahawa, petroli, unga wa pile wala dawa ya meno. Vitu hivi tunatumia saa nzima kuviondoa, na mugonjwa analia. Usifunge kidole kwa waya.

Asidi au moto: maji, mengi, yanayotiririka, dakika 20 kwa saa. Kwa asidi, uanze kumwagia hata mbele ya kuvua nguo, uzivue chini ya maji.

Kidole kikikatika kabisa, mwenzako akitafute. Akifunge katika kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo na maji safi, akitie katika mufuko wa plastiki, aufunge, halafu mufuko ule autie katika maji yenye barafu. Barafu isiguse kidole chenyewe, itakiunguza. Nisidanganye mutu: vidole vingi vilivyopondwa havirudi, na waganga wanaoweza kazi hii ni wachache katika inchi yetu. Lakini uamuzi ni wa munganga, na hata kidole kisichorudi kinaweza kutoa ngozi ya kufunika mahali.

Uje pia kwa shindano la tetanosi kama hukumbuki lile la mwisho. Na kuna ndugu zetu wanaofika kila siku ya kwanza ya juma na kidonda juu ya kifundo cha kidole cha kati, wakisema wameanguka. Mimi si polisi. Lakini kama ni meno ya mutu mwingine yaliyokata pale, uniambie, maana kinywa cha mutu kiko na uchafu mbaya kuliko udongo, na dawa yake ni nyingine.

Kuficha

Mahali pengine kuna ubao mulangoni unaohesabu siku pasipo ajali, na kuna zawadi kama siku ni nyingi. Nia ni njema. Lakini tumeona mutu aliyefunga kidole kilichovunjika kwa skoci siku nne kusudi wenzake wasikose zawadi. Kidole kile kimepona kikiwa kimepinda. Ubao haukusema kweli, na mufupa umeshika vibaya.

Tena kuna jambo la haki. Ajali ya kazi inalindwa na Kaisi ya Taifa, CNSS, iliyokamata nafasi ya INSS mwaka 2018. Lakini ajali isiyoandikwa siku yake ni vigumu kuionyesha kisha miezi sita, wakati kidole kinakataa kukunja nyundo na kompani inauliza kiliumia wapi. Mwambie shefu, mwambie delege wa sekirite, uje uandikwe, hata kama ni kucha tu. Na mwenzako aliyeona atoe jina lake.

Kisha kushonwa

Kidole kinachokaa muda mrefu pasipo kutembea kinashikamana na kukauka. Waganga watakuambia siku ya kuanza kukitembeza. Usianze mbele yake, kwa sababu kamba iliyoshonwa inaweza kukatika tena, na usingoje kisha yake. Hapo kazi inakuwa ya nyumbani. Beseni la maji ya moto kidogo, mukono ndani, kukunja na kufungua polepole mara 10, asubuhi, muchana na mangaribi. Watoto wanaweza kuhesabu. Kama kidole kinajaa, kinakuwa chekundu, au harufu inatoka chini ya kitambaa, musingoje siku ya kubadilisha. Wale wa posti ya usiku wapige kengele ya mulango wa kando. Kuna mutu ndani.